Daftari la getini lilivyotusaidia kudai saa zetu

Mtu akiniuliza mlezi wa kituo cha watoto analipwa shilingi ngapi, huwa namuuliza kwanza: kwa saa ngapi? Nimeifanya kazi hii tangu 2019, na nilichokiona ni kwamba kinachotumaliza si udogo wa mshahara peke yake. Ni ile saa ya alfajiri kabla kazi haijaanza rasmi, na zile mbili za jioni baada ya kazi kwisha, ambazo haziandikwi popote, kwa sababu kwa wengi kubaki na mtoto si kazi, ni kukaa tu.

Nilianzia Mbagala, Dar es Salaam. Kituo kilikuwa ndani ya nyumba ya kawaida ya kupanga: vyumba vitatu, sebule, na uani pamefunikwa turubai ili watoto wacheze bila kuunguzwa na jua. Tuliwapokea wa kuanzia mwaka mmoja na nusu hadi wanaokaribia miaka mitano. Wazazi wetu walikuwa watu wa viwanda vya Chang'ombe, wa bandarini, wa maduka ya Kariakoo, wa mitumba pale Karume. Anayetakiwa kuwa kiwandani saa moja asubuhi anaondoka Mbagala kungali giza, kwa hiyo geti letu lilifunguliwa saa kumi na mbili kasoro. Jioni anatoka kazini saa kumi na moja, anakwama kwenye foleni ya Mtongani, anatufikia saa moja usiku, mwingine saa moja na nusu. Miaka ile Barabara ya Kilwa ilikuwa inachimbwa kwa ajili ya njia ya mabasi ya mwendokasi, na mvua ikinyesha hakuna aliyejua atafika saa ngapi.

Mshahara wangu wa kwanza ulikuwa 100,000 kwa mwezi. Baadaye ukafika 120,000. Mkataba hakuna. Mwenye kituo, tuliyemwita madamu kama watoto na wazazi walivyomwita, alitulipa mkononi, noti zimekunjwa ndani ya bahasha ya kaki, na ukiuliza chochote unaambiwa hii kazi ni wito. Nalisema hili bila kumchukia, maana naye alikuwa anaamka kabla yetu. Lakini neno hilo nimelisikia vituo vingi, nami naliona ni zito kuliko linavyoonekana. Nawapenda watoto, tena sana. Mtoto akijifunza kuvaa kandambili mwenyewe, mguu wa kulia kulia, nafurahi mpaka jioni. Mapenzi hayo hayanipi haki ya kupanda daladala bure, na wala hayampi mtu yeyote ruhusa ya kunikata nusu ya ninachostahili.

Wasioijua siku yetu nawaelezea kidogo. Asubuhi kila mtoto anapokelewa kwa mikono miwili na macho makali: unagusa paji la uso, unatazama nyuma ya masikio, unafunua mikono ya sweta kuangalia alama. Unamuuliza mama, "Amelalaje?" Si salamu hiyo. Mtoto aliyeamka na homa akaachwa bila kutajwa, jioni utaambiwa ameipata kituoni. Saa tatu uji wa lishe. Kisha poti, pampasi, kunawisha, nyimbo, michezo ya uani, ugomvi wa gari la plastiki ambalo lina tairi tatu na linapendwa kuliko yote mazima. Chakula cha mchana unalisha watatu kwa zamu, kijiko huku, kijiko kule, na wa nne amekwisha kumwaga. Ukifika saa saba mgongo unakuwa umeinama na kuinuka mara nyingi kuliko mpagazi wa sokoni, kwa sababu kila mmoja wa wale wadogo ana kilo kumi au zaidi na hakuna anayekubali kuachwa chini wakati mwenzake amebebwa.

Halafu wanalala. Hapo ndipo mgeni akipita anasema, "Ah, nyie mnapumzika." Watoto wanapolala mlezi anafua mashuka yaliyolowa, anasafisha poti, anaandika taarifa ya kila mtoto, na anakula amesimama mlangoni akiwatazama, kwani mtoto anaweza kupaliwa akiwa usingizini. Nilikuja kujua baadaye kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Mwajiri anaweza kumtaka aendelee kufanya kazi katika muda huo pale tu ambapo kazi haiwezi kuachwa bila mtu, au haiwezi kufanywa na mfanyakazi mwingine. Sawa, watoto hawawezi kuachwa. Lakini ukitakiwa kuwepo, muda huo ni wa kulipwa. Sisi tuliuhesabu kama zawadi tuliyopewa.

Tulikuwa walezi wanne, na magonjwa ya watoto yalikuwa yetu pia: mafua yasiyoisha, macho mekundu, kuharisha, tetekuwanga kwa yule ambaye hakuipata utotoni. Glavu zilikuwepo siku za ukaguzi. Ukiugua, siku yako ilikatwa. Na si ugonjwa tu: sweta ya mtoto ikipotea, mlezi wa chumba kile alikatwa bei ya sweta. Nakumbuka mwenzetu alikatwa 8,000 kwa sweta ambayo wiki iliyofuata ilionekana nyumbani kwa mtoto mwingine, imefuliwa na kukunjwa vizuri, mama wa watu aliichukua kwa kudhani ni ya kwake. Hela haikurudi. Sheria ile ile inasema mwajiri hawezi kukukata kufidia hasara mpaka ionekane kosa ni lako, upewe maelezo kwa maandishi ya kilichopotea na hesabu yake, upate nafasi ya kujitetea, na hata hapo makato yasizidi robo ya mshahara. Kati yetu hakuna aliyelijua hilo.

Kilichotuamsha ni jioni moja ya masika. Maji yalijaa barabarani, daladala zikasimama, na wazazi wa mwisho walitufikia saa tatu usiku. Walikuja wamelowa, wengine wametembea kwa miguu, wanaomba radhi kwa machozi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewalaumu. Mmoja wa walezi alikuwa mjamzito wa miezi saba. Alikuwa getini tangu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Alipanda bodaboda kwenda Chamazi kwa 3,000, bei ya mvua, na siku ile yeye alikuwa amepata chini ya 5,000. Kesho yake kaka yake, anayefanya kazi kiwandani na ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, alimuuliza swali ambalo lilitushangaza wote: "Kwani nyie saa za ziada wanawalipaje?"

Tulicheka kwanza. Saa za ziada ni za viwandani, tulidhani. Ndipo akatuchambulia. Saa za kawaida mwisho ni tisa kwa siku na 45 kwa wiki. Kwa siku, pamoja na ziada, hairuhusiwi kupita saa 12. Saa za ziada zinatakiwa ziwe kwa makubaliano, zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na kila moja inalipwa mara moja na nusu.

Hebu tufanye hesabu tuliyoifanya siku ile. Sisi tulikuwa kazini kwa uchache saa 60 kwa wiki, wiki nyingine zaidi. Toa 45, zinabaki 15. Lipa mara moja na nusu, ni sawa na saa 22 na nusu. Na 22 na nusu ni nusu kamili ya 45. Maana yake mtu wa 120,000 alikuwa anadai 60,000 nyingine kila mwezi, mwezi baada ya mwezi. Na saa 15 kwa wiki ni 60 katika wiki nne, zaidi ya mwisho unaoruhusiwa hata kama angetulipa.

Hapo bado hatujagusa mshahara wenyewe. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza Januari 1, 2023 iliweka 207,000 kwa mwezi kwa sekta ya shule binafsi, chekechea zikiwemo, na 150,000 kwa sekta ambazo hazikutajwa kwa jina. Madamu alisema kituo si shule. Haya, hata tukikubali hoja yake, kundi la zisizotajwa lilikuwa juu yetu kwa 30,000.

Tulikwenda ofisi ya kazi wawili, kwa niaba ya wote, siku tuliyoomba ruhusa kwa kupokezana. Afisa alitusikiliza vizuri, akatuuliza: mna ushahidi gani wa saa hizo? Tukatazamana. Hatukuwa na mashine ya kuweka kidole, hatukuwa na kitabu cha mahudhurio cha walezi, hatukuwa na mkataba. Mwenzangu ndiye aliyesema, kama mtu anayejisemea, "Daftari la getini."

Vituo vingi vina daftari la namna hiyo, kwa ajili ya usalama wa watoto. Letu lilikuwa kaunta buku, jalada la bluu, limechorwa safu kwa rula: jina la mtoto, aliyemleta, saa, sahihi, kisha upande wa pili aliyemchukua, namba ya simu, saa, sahihi. Mtoto hatoki getini mpaka mtu aandike. Bibi mmoja asiyeweza kuandika alikuwa anaweka dole gumba, na pembeni mlezi anamwandikia saa. Kwa maneno mengine, kwa miaka yote ile wazazi walikuwa wanatuandikia, kwa mikono yao, saa tuliyofungua na saa tuliyofunga. Mtoto wa kwanza kuletwa: saa 11:50 alfajiri. Wa mwisho kuchukuliwa: saa 1:40 usiku. Kurasa kwa kurasa. Ukisoma mwaka mzima unaona hata foleni za Ijumaa.

Tulipiga picha kwa simu. Namba za simu za wazazi tulizifunika kwa kipande cha karatasi kabla ya kupiga kila ukurasa, maana tulikabidhiwa kwa kazi nyingine na si haki kuzitembeza. Mtu yeyote wa vituo anayesoma hapa, hilo nalisisitiza: ushahidi wako usiwe hatari kwa mtoto wa mtu.

Afisa alituambia jambo ambalo ningependa kila mlezi alijue kabla halijamfika. Lalamiko la malipo linatakiwa lifike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha serikali cha kutatua migogoro ya kazi, ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. La kuachishwa kazi ni siku 30. Kufungua shauri hakulipiwi. Na pale mwajiri anaposhindwa kuonyesha maelezo ya ajira kwa maandishi, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha kile mfanyakazi anachodai kuhusu masharti ya kazi. Tulikuwa tumeishi tukiamini kwamba asiye na mkataba hana haki. Kumbe aliyetakiwa kuuandika ni mwajiri.

Hatukufika Tume. Madamu alipigiwa simu, akakasirika, akasema tumempeleka serikalini kama mwizi, siku mbili hakutusalimia. Kisha aliita kikao, na kwenye kikao aliweka daftari lile mezani, akalifungua mwenyewe. Nadhani hakuwahi kulisoma kwa jicho lile. Tuliafikiana mambo manne hivi, na nayataja kwa kifupi kwa sababu yalichukua jioni nzima: mshahara upande hadi 150,000, mikataba iandikwe, malimbikizo yalipwe sehemu kwa awamu, na mzazi anayechelewa baada ya saa kumi na mbili jioni alipe 1,000 kwa kila nusu saa, hela hiyo iende kwa mlezi aliyebaki. Pia tukagawana zamu: wawili wanaingia alfajiri na kutoka saa tisa alasiri, wawili wanaingia saa tatu na kufunga kituo.

Hiyo zamu ndiyo iliyotuokoa kuliko hela. Faini ilileta mambo mchanganyiko. Baba ambao hatukuwahi kuwaona walianza kuja kuchukua watoto, na hilo lilikuwa zuri. Lakini wazazi wachache walianza kuchelewa bila wasiwasi, kwa kuwa wamelipa, na mama mmoja wa mitumba alinivuta pembeni akaniambia, "Anti, mimi siku nikiuza vibaya hiyo elfu ndiyo mboga yetu." Nilimwelewa. Wiki nyingi faini yake tulimsamehe kimya kimya, na wenzangu walikubali. Zamu haikumgharimu yeye wala sisi chochote, isipokuwa madamu kukubali kwamba asubuhi watoto ni wachache hivyo hawahitaji walezi wote wanne wamesimama getini.

Hata hivyo mjamzito wetu hakurudi. Sheria inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo akiwa amefanya kazi miezi sita, na akirudi anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Yeye alipewa malipo ya mwezi mmoja na ahadi. Akafungua kibanda cha uwakala wa miamala ya simu karibu na kwao, na mtoto wake anakaa naye hapo hapo.

Nieleze kilichotokea chumbani kwake, kwa sababu wanaosema mshahara wa mlezi ni suala la mlezi hawakukiona. Kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka miwili ambaye hakulala mchana mpaka ashike ncha ya kitenge cha mlezi huyu. Si kitenge chochote, chake. Alipoondoka, mtoto aliendelea kuja, akakataa kulala siku ya kwanza, ya pili, akaanza kujikojolea wakati alikuwa amekwisha kuacha, na uji akawa anaushika mdomoni bila kumeza. Mama yake alidhani anaumwa, akampeleka hospitali, akapimwa malaria, hana. Ilichukua majuma kadhaa akakubali kitenge cha mtu mwingine. Kwa mtoto wa umri ule, mlezi akiondoka ni msiba, na kwenye vituo vyetu watoto wanapata msiba huo tena na tena kwa sababu mlezi ameona kazi yenye 20,000 zaidi, au inayomruhusu kufika nyumbani kabla ya giza.

Mwaka 2021, mwezi wa Desemba, Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu mimba mpaka miaka minane. Nimehudhuria semina zake, na niseme kwa dhati, ni kitu kizuri. Imejengwa juu ya mambo matano: afya, lishe, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama, na malezi yenye mwitikio. Hilo la mwisho maana yake mtoto akilia, akicheka, akinyoosha mkono, kuna mtu mzima anayemwona na kumjibu. Nilikaa kwenye kiti cha semina nikafikiria saa ya kumi na moja ya kazi, watoto kumi na wawili chumbani, mmoja anatapika. Ujuzi ninao. Mwitikio unahitaji mtu aliyelala usiku na ambaye hawazi nauli. Nauli ya daladala kwa safari fupi ilipanda kutoka 500 hadi 600 Desemba 2023, na kwa anayeunganisha magari mawili kwenda na kurudi hiyo ni 400 zaidi kila siku. Wenye mishahara mikubwa walilalamika wakaendelea. Sisi tulipanga upya mboga.

Tangu 2024 nasimamia kituo kingine, kule Chamazi. Kukaa upande huu wa meza kumenionyesha kitu ambacho nisingekiamini mwanzo, nami nakiweka wazi kwa wenzangu walezi. Hesabu tuliyoanza nayo ilikuwa hivi: watoto 38, ada 70,000 kwa mwezi. Wote wakilipa ni 2,660,000. Kodi ya nyumba 500,000. Chakula, kuanzia unga wa lishe mpaka gesi, kama 650,000. Maji, umeme, sabuni, dawa za usafi 150,000. Walezi wanne na mpishi, kila mmoja 207,000, ni 1,035,000. Mlinzi 150,000. Mchango wa mwajiri wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, karibu 118,000. Jumla ni zaidi kidogo ya 2,600,000, na bado hujanunua godoro hata moja wala hujalipa mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ni wa mwajiri peke yake na mfanyakazi hakatwi kitu. Kila mwezi familia tano au sita hazijalipa. Si wakorofi. Mzigo haukutoka bandarini, au kiwanda kimepunguza vibarua. Kuwalipa walezi kwa haki kunakula kila kitu, na mwezi mbaya kunakula zaidi ya kilichopo.

Kwa hiyo sikubali tena maelezo ya kwamba wenye vituo wote ni wanyonyaji, ingawa wapo, na nawafahamu. Wala sikubali kwamba wazazi ni wabahili. Ada ya 70,000 kwa mama anayepata 200,000 ni zaidi ya theluthi ya kipato chake. Tulipoitisha kikao cha wazazi tukaandika hesabu hizi ubaoni, ada upande mmoja na mishahara upande wa pili, ilikuwa mara ya kwanza wengi wao kujua mlezi wa mtoto wao anapata nini. Baba mmoja, fundi, alisema alidhani tunalipwa na serikali. Walikubali kuongeza 5,000. Mwezi uliofuata watoto wawili hawakurudi. Mmoja alipelekwa kwa bibi yake Lindi. Mwingine yuko nyumbani, anaangaliwa na dada yake mwenye miaka kumi na moja, ambaye kwa sababu hiyo haendi shule siku zote.

Sasa angalia hili. Mtoto akitimiza miaka mitano anaingia darasa la awali la shule ya serikali, bila ada, kama ilivyo tangu 2016, na mwalimu wake analipwa na Hazina, ana likizo, ana pensheni. Wiki moja kabla yake mtoto yule yule alikuwa kwetu, mdogo zaidi, anahitaji mikono zaidi, na gharama yote ilikuwa juu ya mama anayeuza mitumba na mlezi anayeshinda saa 60. Kenya, kwa Katiba yao ya 2010, elimu ya awali na vituo vya malezi viliwekwa chini ya kaunti, na walimu wa chekechea za umma wanaajiriwa na kaunti. Hata huko walimu hao wamegombania mishahara na mikataba miaka nenda rudi, kwa hiyo sisemi kwamba wamemaliza. Nasema wana mlango wa kubisha hodi. Mlezi wa Mbagala hana. Anayekuja kukagua watoto anahesabu vyoo, magodoro na mtungi wa kuzimia moto, na ni sawa, ndiyo kazi yake, lakini katika vituo vyote nilivyofanya kazi, sijawahi kuona mkaguzi akiuliza, "Nyie mnaingia saa ngapi na mnatoka saa ngapi?" Swali hilo lingeongezwa kwenye fomu ya ukaguzi, jibu lake liko getini tayari, kwenye kaunta buku.

Oktoba 2025 vilitangazwa viwango vipya vya kima cha chini kwa sekta binafsi, vya kuanza Januari 1, 2026. Tumevibandika ukutani jikoni, mahali walezi wote wanapopita. Mwenye kituo ameniuliza hela itatoka wapi, na nimemjibu ukweli kwamba kwenye ada haitatoka yote. Tumeandika barua kwa diwani kuomba halmashauri ilipe walau mshahara wa mlezi mmoja kwa kila kituo kilichosajiliwa chenye watoto wa wazazi wa kipato cha chini, au itupe jengo lisilo na kodi, maana kodi peke yake ilikuwa sawa na mishahara ya walezi wawili na zaidi. Barua ina sahihi za wazazi 31. Tulizikusanya pale pale getini, jioni, kila mmoja alipokuja kumchukua mtoto wake.